Breki za Trekta ya Kalekye

Mwala, Machakos

Baba yangu mpendwa,

Mulembe. Ni mimi Nekesa, binti yako uliyemwoza mbali huku Ukambani. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri, goti limepunguza kukusumbua, na mama anapata usingizi. Je, yule ng'ombe mwekundu alizaa salama? Sisi huku tuko hai. Mwende na wadogo zake wanaenda shule, na baba yao Mutiso bado yuko kiwandani Athi River, anarudi mwisho wa mwezi. Ila mimi, baba, moyo wangu haujatulia, na huku hakuna mtu wa kumwambia anayejua trekta kama wewe uliyeendesha ile ya shamba la miwa mpaka ukastaafu.

Unashangaa niko na shughuli gani na trekta. Wacha nikueleze.

Hapa kuna mama anaitwa Kalekye, mwenyekiti wa mwethya wetu, kile kikundi cha akina mama wa kulimiana mashamba. Ni mjane. Mumewe alimwachia trekta kuukuu ya dizeli, na tangu azikwe ilikaa kwa kibanda miaka mitatu, kuku wakitaga juu ya kiti. Mwaka huu kiangazi kimetumalizia ng'ombe wa kulima. Basi Kalekye akasimama kwa mkutano akasema, "Trekta iko. Nani anaijua?" Mimi nikafungua mdomo: "Baba yangu ni dereva wa trekta." Nilikuwa nasema tu, baba. Wakapiga makofi, na kabla mkutano haujaisha funguo zilikuwa mkononi mwangu.

Nilichojua ni kile nilichoona nikikuletea uji shambani, nacho ni mgongo wako na moshi. Kalekye akaita fundi mmoja kutoka Mumbuni, anaitwa Muli, mzee mpole wa maneno machache. Alikaa siku moja tu. Akanionyesha kikombe cha kioo chini ya tangi, maji yamelala ndani chini ya dizeli, tukayamwaga. Akaweka filta mpya. Akaniambia, "Mama, injini hii ina maadui watatu: maji, uchafu na hewa. Hewa ndiyo mbaya, kwa sababu huioni." Ukitaka kuitoa, unalegeza skrubu juu ya filta, unapiga kile kipampu kidogo kwa mkono, povu linatoka, linatoka, mpaka dizeli ije bila povu. Hapo unakaza. Alipokuwa anafunga mkoba wake akasema tena, "Breki zimelegea. Usiguse mteremko kabla hujazikaza. Inua gurudumu la nyuma kwa jeki, ukaze ukilizungusha, sawa kwa sawa, kushoto na kulia." Nikaitikia.

Kesho yake injini ilizimika katikati ya uwanja na fundi hayupo. Nilitoa hewa peke yangu, dizeli mpaka viwiko. Ilipoguruma na kutoa moshi mweusi, Kalekye alilia. Alisema hajasikia sauti hiyo tangu mumewe alipokuwa hai. Siku hiyo nilijiona mtu, baba. Sasa naona hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Siku ya kukaza breki, mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Kangundo, na kila mama anauliza shamba lake litalimwa lini. Niliinua gurudumu la kushoto kwa jeki, nikakaza kidogo kidogo huku nikilizungusha kwa mkono, kama fundi alivyosema. Kuja upande wa kulia, jeki ikazama kwa mchanga. Nikaiweka upya, ikazama tena. Nikatazama mawingu. Nikalala chini ya trekta nikakaza kwa kukisia, bila kuinua gurudumu. Nikajiambia, inatosha.

Tulipoondoka kwenda kulima, Kalekye akapanda juu ya madgadi, lile bati linalofunika gurudumu kubwa la nyuma. Najua, baba. Nilikusikia mara ngapi ukimfukuza mtu hapo? Lakini trekta ni yake na ni mkubwa wangu, tunamwita mwaitu, yaani mama. Nilimwambiaje ashuke?

Shamba la kwanza liko chini kabisa, karibu na mto wa mchanga. Tulipoanza kuteremka nikakanyaga breki. Ya kushoto ikashika, ya kulia haikushika. Trekta ikageuka kama punda aliyevutwa sikio, ikaelekea ukingo wa matuta. Nilisikia Kalekye akisema "Aiya!" mara moja tu, halafu hakuwa kwa madgadi. Nikavuta waya wa kuzimia injini. Sijui hata mkono uliupataje. Gurudumu la nyuma, lile kubwa, lilisimama karibu na kichwa chake, shibiri moja. Nilipima baadaye kwa mkono wangu huu ninaokuandikia.

Tulimbeba kwa mkokoteni wa punda mpaka barabarani, akapelekwa hospitali. Mfupa wa mtulinga ulivunjika. Daktari alisema apumzike, utaunga.

Watu wote wakasema ni uzee wa trekta. Mama mkwe wangu alisema ni mapenzi ya Mungu tumeponea. Kalekye mwenyewe, mkono umefungwa kifuani, aliniambia, "Pole, Mama Mwende, ulishtuka." Pole, kwangu mimi! Nilinyamaza. Siku tatu nilienda kumjulia hali, nikanywa chai yake. Nikifunga macho naona lile gurudumu. Mutiso alipopata habari alinitumia ujumbe na mtu: "Rudisha hizo funguo. Hiyo si kazi yako." Na ingekuwa rahisi kurudisha, baba, kila mtu angenihurumia. Lakini mwingine angekalia kile kiti bila kujua breki haziko sawa.

Basi siku ya nne mkutano ulifanyika nyumbani kwa Kalekye, nikasimama. Nikasema, "Si uzee wa trekta. Ni mimi. Kushoto nilikaza vizuri, kulia nilikisia."

Kalekye akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua sijafanya sawa, mwaitu. Nilijiambia inatosha."

"Na siku tatu umekunywa chai yangu."

"Ndiyo."

Mama mmoja akasema mgeni hawezi kuachiwa kitu cha watu. Mwingine akasema trekta irudi kibandani. Kalekye akainua ule mkono mzima, wakanyamaza.

"Nina hasira na wewe, na sijamaliza," aliniambia. "Lakini mume wangu alinikataza ile madgadi miaka ishirini, na mimi nikapanda kwa sababu nilitaka watu wanione. Kesho utazikaza hapa uwanjani, sisi tukiangalia."

Tukaweka jiwe pana chini ya jeki, likakataa kuzama. Hilo tu, baba, jiwe! Tukayazuia magurudumu ya mbele kwa mawe. Nikakaza, na akina mama wakayazungusha yale makubwa kwa mikono, wakibadilishana pande, mpaka wote wakakubali uzito ni mmoja. Nikaendesha uwanjani peke yangu, nikakanyaga mara kumi. Ilisimama imenyooka mara zote kumi, nami nikashuka nikalala chini kuzitazama tena.

Tumelima mashamba tisa. Kila asubuhi kabla sijawasha naangalia maji, oili, kile kikombe cha kioo, halafu breki. Lakini hofu haijatoka. Nikisikia mlio mpya nasimama, nashuka, nalala chini natazama. Akina mama wengine wananicheka, wengine bado hawanisalimii vizuri.

Jana ilikuwa zamu ya shamba lile la chini, na ndilo la Kalekye. Nilipofika juu ya mteremko nilimwona amesimama kule chini, kwenye njia yenyewe, na mfuko wa mbegu. Nikampungia mkono aondoke. Hakuondoka. Nikazima injini, nikapiga kelele, "Mwaitu, toka njiani, tafadhali!"

Akajibu, "Teremka!"

"Siteremki ukiwa hapo!"

Tukakaa hivyo, yeye chini, mimi juu, mpaka akasogea hatua mbili kando. Mbili tu. Nikawasha. Niliteremka kwa gia ya kwanza, mguu juu ya pedali, na trekta ikashuka imenyooka mpaka nikasimama sambamba naye. Hakusema asante wala pole. Aliweka mfuko chini, akasema, "Anzia pale kwa ukingo," na ule mkono mzima akauweka kidogo juu ya gurudumu la nyuma, halafu akauondoa.

Msalimie mama sana. Msalimie kaka Wanjala na mkewe, na shangazi Nanjala aliyenifundisha kuandika barua. Mwambie mdogo wangu Simiyu asiache shule kwa sababu ya boda boda. Mutiso sijamjibu bado kuhusu funguo. Atakuja mwisho wa mwezi na nitamwonyesha lile jiwe la jeki.

Mvua imeanza sasa hivi, kubwa. Nakomea hapa, baba, nikimbie kufunika bomba la moshi kabla maji hayajaingia kwa injini.

Mwanao,
Nekesa