Shukrani Zako Mbele ya Hakimu

Mama yangu mpendwa,

Asubuhi za mvua, ukungu unaposhuka kutoka Keroka na kuyafunika mashamba ya chai, bado nakuona. Kikapu kiko mgongoni, mikono yote miwili inakimbia juu ya majani, nawe unaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Nikikukaribia unayeyuka. Siogopi ukinijia hivyo. Nafurahi, kisha navaa koti langu jeusi na kwenda kazini.

Katika maono hayo lile lori la majani halipo, lile lililorudi nyuma pale kwenye kituo cha kuuzia chai likakubana ukutani. Mimi silisahau. Sisahau pia siku ya kesi ya fidia mjini Kisii, nimekaa nyuma na sare yangu ya shule, nikisubiri uwaambie kwamba mkono wako wa kulia hauinuki tena. Hakimu akakuuliza kwa upole, "Mama, unaendeleaje?"

Maisha yako yote ulikuwa umesimama kusema mbele ya watu mahali pamoja tu, kanisani siku ya Sabato, na pale mtu huanza kwa shukrani. Ukatabasamu. "Niko tu sawa, mheshimiwa. Mungu amenisaidia."

Wakili wa bima akainama kuficha kicheko. Wakili wetu akakaa kimya. Hukumu ikasema umepona.

Miaka iliyofuata ulimenya ndizi kwa mkono mmoja, ukizibana kwa mguu, huku ukisema, "Mimi ndio niliharibu kesi. Ni hii mdomo yangu." Ukaenda kaburini ukiliamini neno hilo, na linaniuma mpaka leo.

Nilipomaliza kusomea sheria, wajomba walitaka niwe wakili wa mashamba, maana huku kwetu kesi za mipaka haziishi. Nikachagua ajali. Wananiita wakili wa mifupa, nami nacheka nao. Ofisi yangu iko juu ya duka la mbolea, na ngazi zake ni mateso kwa wateja wenye magongo. Kila mwaka naapa nitahama. Wanakuja waendesha bodaboda, wachonga mawe wa Tabaka, wachuma chai wa Nyamira. Nawafundisha, "Ukiulizwa, sema kwanza kinachouma." Wanaitikia kwa kichwa. Wakifika kizimbani, wanamshukuru Mungu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja wa Suneka, aliyegongwa na gari akitoka sokoni, bega likasagika. Hakimu alimuuliza hali, naye akajibu, "Niko salama kabisa. Mungu ni mwema." Chumba kikawa kama kimejaa ukungu wa nyumbani, na kwa kitambo nikakuona wewe umesimama pale. Sikumkatiza. Nikainuka nikauliza taratibu.

"Mama, asubuhi ni nani anakufunga kitambaa kichwani?"

"Ni binti yangu."

"Na mtoto aliyemzaa juzi, umeshambeba?"

"Bado. Wananiwekea tu kwa magoti, halafu wanakaa karibu asianguke."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu bila kuinua macho.

Jana hukumu ilitoka. Tumeshinda, mama. Mteja wangu alinishika kwa mkono ule mzima, akamshukuru Mungu tangu mwanzo hadi mwisho, mimi hata hakunitaja. Nikatoka nje, nikakaa kwenye nyasi za mahakama na koti langu jeusi, nikalia mchana kweupe watu wakinitazama. Nilitamani sana ungekuwepo.

Hukuharibu kesi. Wewe ulijibu ulichoulizwa, kwa adabu uliyolelewa nayo. Wakili wetu ndiye aliyepaswa kusimama akuulize swali la pili, naye hakusimama. Lala sasa, mama, usijilaumu tena.

Ni mimi, kitinda mimba wako.