Salamu za Yule Bwana wa Athens

Mjukuu wangu Nasra,

Kwa huzuni kubwa natangaza kifo cha blenda ya bibi yako, hapa mtaani kwetu Darsait. Tumerudi kukuna nazi kwa mbuzi. Mengine salama, alhamdulillahi.

Umeniuliza: "Babu, uliposoma Ugiriki, makanali wanatawala na kuwafunga watu kwa kuwaita wakomunisti, hukuogopa?" Sikuogopa, na hiyo ndiyo aibu nnayoishi nayo.

Nilikaa chumba kimoja na Niko, mwanafunzi mwenzangu. Kila Ijumaa, mkahawani, bwana mmoja mpole alinisalimu. "Hujambo? Na mwenzako? Siku hizi anatembelewa na nani?" Sisi tumelelewa hivyo: ukiulizwa habari za jirani, unatoa mpaka za kuku wake. Nikamweleza habari za marafiki wa Niko, na za redio ya nje anayoisikiliza kwa siri. Mwezi haukwisha, Niko akachukuliwa. Sikumwona tena.

Bibi yako huniambia, "Ulikuwa kijana, mgeni, ungejuaje?" Namwacha aseme. Sijapata kumwambia kwamba tangu Ijumaa ya pili yule bwana alikuja na daftari, na mimi nikawa nayataja majina polepole, apate kuandika.

Babu yako