Kile Kicheko Nilikunyima

Deo, ndugu yangu,

Leo iko siku ya makumi ine tangu tukuzike, na bado niko na hasira yako. Nakuandikia juu kuko kitu mu roho yangu siwezi kuipeleka kwa padri mbele weye ukuwe umeisikia.

Unakumbuka ile harusi ya kwanza walikuita uchekeshe watu, mu sale, ile nyumba ya mikutano ya parokia? Ulisimama na ile uso ya mutu mwenye analeta habari ya kifo, ukasema, "Kwetu umeme haikatikake. Inaendaka kusalimia familia yake, ikikumbuka watoto inarudi." Watu kimya. Maman moja alifanya alama ya musalaba. Mimi njo nilipasuka kucheka, peke yangu, soda ikatoka ku pua, kisha sale yote ikanifuata. Tangu pale uliniwekea kiti ya pembeni, musitari ya tatu, kila pahali tulienda. Weye haukuchekaka hata siku moja, na watu hawakujua kama wako na ruhusa. Mimi njo nilikuwa ruhusa. Kalehe, Kamanyola, miaka kumi na mbili nacheka wa kwanza. Na haikukuwa uongo, Deo. Hata mara ya mia ulikuwa unaniuwa.

Kisha televizyo ikakuita. Ukakuwa ule chef wa biro, mukubwa wa ofisi mwenye hatabasamu, mu teatri ya kila yenga, siku ya Mungu, kisha misa. Bukavu yote ikakujua.

Wakati bibi yangu, mama ya binti yangu, aliniacha, ni weye tu nilikuambia vile alienda. Alibeba vifuniko vya sufuria zote, sufuria akaziacha, ili majirani waone kama napika maji tu. Nililia mbele yako. Ulinishika bega, ukasema, "Hii itabakia hapa, ndugu."

Ilibakia wiki mbili. Niko kwa jirani, naona mu televizyo yake chef wa biro anapika, sufuria wazi, anasema bibi yake alienda na vifuniko. Jirani alicheka paka machozi. Kisha akaniangalia, akaacha. Ku soko ya Kadutu wamama wa sufuria walikuwa wananiinulia vifuniko nikipita: "Papa, njoo uchukue, usipike maji bule." Binti yangu akakataa kupita na mimi kule.

Sikukuuliza kitu. Ile njo zambi yangu ya kwanza. Ya pili unaijua. Siku wageni wa Kinshasa walikuja kukuangalia, kama watakubeba ukachekeshe kule, nilikaa ku kiti yangu. Ulianza na ile ya umeme, ukangoja. Niliuma meno. Uliniangalia mara moja tu. Ukaendelea nusu saa mu ile kimya, uso haikubadilika, paka jasho njo ilikuwa inashuka ku shingo. Wageni walirudia bila weye. Mimi nilienda nyumbani, nikalala vizuri. Hapo njo najiogopa.

Kisha ugonjwa ya sukari ikakumaliza, hatujaongea. Mama Riziki, bibi yako, ananiambia ulikataza watu kunisema vibaya. Uliwaambia ile siku nilikuwa na malaria. Kumbe ulijua kuficha mutu. Mbona mambo yangu haukuificha?

Ku kilio, padri alisimulia ile ya umeme. Watu wakaangalia chini. Mama Riziki akageuka, anatafuta mu musitari ya tatu. Nilikuwa pale, Deo. Nilicheka, machozi inatoka, na watu wote wakanifuata, hata yeye.

Sasa televizyo inarudilia teatri zako kila yenga. Naendaka kwa jirani. Nakuahidi, zote nitacheka wa kwanza, paka siku nitakufa. Ile ya vifuniko tu, nitatoka inje, nisimame paka ikwishe. Ile utaniomba musamaha weye mwenyewe, tukionana, na mimi nitakuomba ya wageni wa Kinshasa. Uniwekee kiti.

Lala, ndugu.

Zihindula