Unga wa Pacha Wake

Shoga, uko? Ndiyo tunatoka hospitali na mdogo wangu. Nimelia mpaka mlinzi kaniletea kiti.

Si unajua tangu pacha wake atutoke kifua kinambana, moyo unamwenda mbio? Nikajua na huyu ndiyo ananiponyoka.

Wakampima moyo kwa mashine. Mzima! Daktari akambonyeza mbavuni, mtoto akaruka.

"Unafanya kazi gani?"

"Nakanda unga wa mikate."

Kumbe maumivu ni ya mbavu na misuli. Huko kwenda mbio ni huzuni, kukosa usingizi na makahawa anayokunywa ili asisinzie kazini.

Mbavu, shoga! Nikacheka kama mwehu.

Daktari akauliza anakanda kiasi gani. Mtoto akasema anakanda fungu lake, kisha anakanda na la pacha wake, aliyekuwa akikanda naye meza moja. Kila siku! Tangu tuzike! Na mimi ndugu yake sijui!

Daktari akamwambia, "Hilo la pili liache, mwanangu."

Mdogo wangu akamuuliza:

"Nikiliacha, dokta, si wataleta mtu asimame pale pake?"