Mtumbwi wa Sebuleni

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kama vumbi la karakana hii. Mimi mzima, tena afya imezidi hadi shati limekataa vifungo. Baba mikono yake inaendeleaje?

Nasikia mtumbwi aliouchonga, msasa umeushika wewe. Wewe, mtoto wa kike uliyeshindwa na ukoko wa sufuria. Nimecheka mpaka bosi akaja kuuliza nani kafa. Mimi nimeng'arisha meza ambazo wakubwa wanajitazamia meno. Weka msasa chini. Nakuja mwezi huu na vanishi ya ng'ambo.

Kaka yako, fundi mwenyewe

19 Aprili

Kaka,

Hujambo wewe na shati lako? Sisi hatujambo, isipokuwa Baba. Kikombe sasa namshikia mimi.

Mwezi wako huo ni wa kalenda gani? Nimeanza. Baba hukaa kwenye kigoda, namshika kiganja nakipitisha ubavuni mwa mtumbwi. Kikisita, hapo narudia. Anataka aukalie majini angali anaweza kukaa. Lete vanishi. Mdomo tunao wa kutosha.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu mkaidi,

Natumai u mzima, na mtumbwi umebaki na mbavu. Kazi imenibana, nikiondoka, karakana inafungwa. Basi sikiliza, maana mjinga akielezwa huambulia nusu, na nusu ni nyingi kwako. Anza na msasa mkali, malizia na laini, fuata nyuzi za mti. Ukizipinga, mtumbwi utaota manyoya. Ndani, chini pale, paka mafuta na kusugua mpaka pawe kama sahani. Hiyo ndiyo siri ya mafundi wa kimataifa.

Kaka yako unayemwonea wivu

27 Mei

Kaka wa kimataifa,

Shikamoo, ingawa huistahili.

Nilifanya ulivyosema, pakawa sahani kweli. Jana Baba alitia mguu ndani, mguu ukaenda zake bila yeye. Bahati nilimshika kwapani. Alicheka mpaka machozi. "Huyu kaka yako katengeneza mtumbwi wa sebuleni. Hajui mle watu huingia na miguu imelowa?" Ikabidi nipakwaruze upya kwa msasa mkali.

Nimemaliza kote, ila mbele, mdomoni mwa mtumbwi, pana mahali, upana wa kiganja, hataki niguse. Nikamwuliza, "Baba, hapa vipi?" Akasema, "Hapo pa yule mpiga domo. Bila hapo hauingii majini."

Leo ameshindwa kukaa bila mito. Bado anataka mkono wake niuweke palepale.

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii nampa dereva wa basi la leo. Mimi napanda la kesho. Karakana haijafungwa. Hakuna hata aliyeuliza naenda wapi.

Vanishi nimesahau, msasa ninao. Muongezee Baba mito. Usipaguse pale.

Mpiga domo