Iache Haidrenja Yako Ipande

Mjukuu wangu Neema,

Huku Makindye hatujambo. Mama yako anakusalimu, na yule jogoo mkorofi bado anatutawala.

Unauliza kwa nini haidrenja yako imepanda ukuta miaka mitatu bila kutoa hata ua moja. Najua unaikatakata. Weka mkasi chini.

Enzi za wanajeshi, babu yako alipokimbilia Kenya, yasmini aliyoipanda getini niliipogoa kila mwezi, ili akirudi aikute nadhifu. Haikuchanua. Jirani yangu Nalongo akaninyang'anya mkasi: "Mama, mbona unakata maua kabla hayajazaliwa?" Nikaiacha.

Siku babu yako aliporudi, alilipita geti letu. Maua yalikuwa yamelifunika. Ikabidi nimkimbilie barabarani, miguu peku.

Bibi yako