D ya Dakika

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Kaka yako ana nyota, na sasa imewaka mpaka majirani wanataka kuchajia simu. Nimepandishwa cheo! Mimi niliyeiacha shule kabla haijaniacha, leo ni mkuu wa mambo ya muda kwenye ghala la baridi, tunakotunza chanjo za hospitali. Cheo hicho hakikuwepo, wamekishona kwa kipimo changu kama suruali.

Iko hivi. Kompyuta yetu ya kumbukumbu, wenyewe wanaiita hifadhidata, imewekewa toleo jipya. Zamani ukiiandikia muda ilikuwa inakubishia mpaka mate yanakauka. Sasa inaelewa mtindo wa dunia nzima: unaanza na P, maana yake "huu ni muda", kisha namba, kisha herufi. Wahandisi wameniita mezani kwao, wakaniuliza maswali, wakaandika kila nililosema. Nikaletewa na chai.

Nyumba pia nimepewa, vyumba viwili. Baba anakula? Miguu yake je? Na wewe, bado mwembamba kama sindano?

Kaka yako, Mzee wa Mipango

Jumapili, 17 Machi

Kaka, shikamoo.

Huku tupo. Baba naye yupo. Nilimsomea barua yako, akauliza, "Huyu huyu?" kisha akageukia ukutani.

Nikishamgeuza, kumwogesha na kumlisha, siku imekwisha. Silalamiki. Hata kulia silii tena, nafua mashuka tu.

Nimepata nafasi chuo cha uuguzi. Nisiporipoti mwezi wa tano anapewa mwingine, na kwa umri wangu hawatanipokea tena. Baba hawezi kubaki peke yake. Umesema vyumba viwili. Mchukue, kaka. Nijibu ndiyo au hapana, usinichekeshe.

Mdogo wako

Alhamisi, 28 Machi

Marahaba, muuguzi wangu.

Ndiyo. Haya, nimejibu, sasa niruhusu nikuchekeshe.

Kuna jamaa mmoja wa zamu hapa. Tukipakua mzigo mlango unakaa wazi, joto linaingia, king'ora kinalia mpaka meno yanauma. Jamaa akataka kukinyamazisha dakika ishirini. Akaandika P20D. D si dakika? Kompyuta ikapokea bila ubishi. Kumbe kwao D ni siku! King'ora kikanyamaza siku ishirini, na katikati yake mtambo wa baridi ukafa. Hakuna aliyejua mpaka chumba kikawa na joto kama blanketi.

Mhandisi akamuuliza, "Kwa nini uliandika D?"

"Dakika, mama."

"Dakika ni M, na kabla ya namba unatia T."

"M si mwezi?"

"Mwezi pia, kama hakuna T."

"Basi siku si mngeipa S!"

"S ni sekunde."

"Na saa je?"

"H."

Mama wa watu hakucheka wala hakufoka. Aliandika tu.

Chanjo zote zimechomwa nyuma ya ghala. Nilisimama nikitazama. Unangoja usikie kitu moyoni, husikii. Nikaenda kununua sabuni.

Msalimie Baba.

Kaka yako

Jumatatu, 29 Aprili

Kaka, shikamoo. Habari za kazi?

Ile ya D nilicheka peke yangu jikoni, mpaka nikashtuka kusikia sauti yangu. Halafu nikamwonea huruma yule jamaa. Ana watoto?

Chuo nimewajibu ndiyo. Chumba nimekirudisha kwa mwenye nyumba. Tunaingia kwa basi Ijumaa asubuhi. Nitakukabidhi Baba hapo stendi, mimi niendelee na basi hilo hilo. Tafuta mtu wa kukusaidia kumshusha, mgongo wake hautaki kuvutwa.

Mdogo wako

Alhamisi, 2 Mei

Mdogo wangu,

U mzima? Baba je, amelala vizuri safarini? Najiuliza mwenyewe, maana barua hii nitakutia mkononi kesho pale stendi, na nitakwambia uifungue basi likishaondoka. Kama umetii, mmeshatoka mjini. Usimsimamishe dereva. Usishuke.

Yule jamaa hana watoto. Ana baba, na mdogo wake mmoja anayekwenda chuoni.

Chumba ni kimoja. Baba atalala kitandani, mimi mlangoni. Kumgeuza nitajifunza, fundi viatu wa jirani alimuuguza mkewe, kanionyesha pa kushika. Asubuhi nabeba mizigo sokoni, na jirani huyo atakuwa anachungulia. Tutakula. Usiniandikie pole, sijui nitaiweka wapi.

Soma mpaka wakuite muuguzi.

Sikupandishwa cheo. Ile barua ya kwanza niliiandika siku waliyonifukuza.

Kaka yako